Masomo ya Kambini: Shule ya Msingi ya Mji wa Migodi na Urithi wa Kiswahili cha Katanga

Mahali anapopelekwa mtoto kufundishwa kusoma na kuandika huitwa shule katika Kiswahili cha Tanzania Bara, neno lililotokana na Kijerumani. Unguja na Pemba husemwa skuli, neno la Kiingereza lililotiwa irabu. Kabla ya yote mawili kulikuwa na chuo, ambako mtoto alisomeshwa Kurani. Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, miji ya migodi iliyo kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto huenda masomo: ku masomo, kama wenyeji wasemavyo. Mahali pamepewa jina la kazi inayofanyika pale. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aghalabu hutabasamu anaposikia hivyo, akidhani kwamba msemaji amekosea. Tabasamu hilo ndilo litakalochunguzwa katika mhadhara huu, kwa sababu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita ndani ya kuta za shule za msingi zilizojengwa na kampuni ya migodi.

Swali linaloulizwa ni hili: shule ya msingi ya kambi ya wachimba shaba ina thamani gani kama urithi? Ulaya swali hili limekwisha kujibiwa kwa namna moja. Mwaka 2012 UNESCO iliandika katika orodha ya Urithi wa Dunia bonde la makaa ya mawe la Nord-Pas de Calais huko Ufaransa, na katika maelezo yake shule za vijiji vya wachimbaji zilitajwa bayana pamoja na mashimo, vilima vya mabaki, nyumba za wafanyakazi na makanisa. Mwaka huohuo migodi minne ya Wallonia, nchini Ubelgiji, iliingizwa pia katika orodha hiyo. Chile ilikwisha kutangulia mwaka 2005 kwa miji ya chumvichumvi ya Humberstone na Santa Laura, na mwaka 2006 kwa mji wa shaba wa Sewell. Kongo, kwa upande wake, ina maeneo matano katika orodha hiyo, nayo yote ni ya maumbile: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Hakuna hata jengo moja. Ubelgiji imehifadhi migodi yake ya nyumbani, na migodi iliyoitajirisha ng'ambo haimo.

Lakini kulalamikia pengo hilo kusitufanye tuige jibu la Ulaya lilivyo. Thamani ya shule ya kambi ya Katanga haiwezi kupimwa kwa matofali peke yake. Majengo yale yana umuhimu wake; hata hivyo kitu kikubwa zaidi kilichozaliwa pale ni lugha ya kwanza ya watoto, na lugha hiyo haikuwa ile iliyofundishwa darasani.

Kiswahili kilivyofika migodini

Hapana budi kuanza kabla ya kampuni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi, alijijengea dola huko Bunkeya kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Misafara yake ilifika Tabora na pwani ya Bahari ya Hindi upande mmoja, na Angola upande mwingine. Watu wake, Wayeke, walikuja na Kinyamwezi, na Kiswahili kilipita pamoja nao kama lugha ya safari na mapatano. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, na nchi ikatwaliwa. Ni rahisi kuvuta mstari ulionyooka kutoka Bunkeya ya Msiri hadi Lubumbashi ya leo na kusema kwamba Kiswahili kiliendelea tu. Mstari huo haupo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Reli hiyo ilitoka kusini, Rhodesia na Afrika Kusini. Wasimamizi wengi wa kizungu walitoka huko, na wafanyakazi wengi Waafrika walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Lugha ya amri katika miaka ile ya kwanza ilikuwa namna ya Kifanagalo, ile lugha ya migodi ya Afrika Kusini. Sarafu iliyopendwa ilikuwa ya Kiingereza. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na koloni ambalo mji wake wenye mali nyingi ulikuwa unazungumza, unahesabu na unatukana kama Johannesburg.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba kuimarika kwa Kiswahili Katanga kulikuwa, kwa kiasi kikubwa, uamuzi wa kisiasa: watawala na kampuni walikipendelea ili kuukata mshipa uliowaunganisha wafanyakazi na kusini ya Waingereza. Hoja hiyo inakubalika. Hata hivyo inawapa wakubwa sifa iliyozidi kidogo. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918 na Port-Francqui (leo Ilebo) mwaka 1928, njia za kaskazini na za Kasai zilifunguka. Wakaja watu wa Lomami, Maniema na Kasai, na baadaye wa Ruanda-Urundi. Wengi wa waliotoka mashariki walikuwa na Kiswahili tayari vinywani. Msimamizi anaweza kuamuru lugha ya kazini; ile watakayotumia majirani wawili kuombana chumvi jioni huchaguliwa na majirani wenyewe.

Kambi na shule yake

Hadi katikati ya miaka ya 1920 mchimbaji wa Katanga alikuwa mtu wa kupita. Alikodishwa kwa miezi michache, akalazwa katika vibanda pamoja na wanaume wenzake, na akiponea maradhi alirudi kwao. Vifo vilikuwa vingi, na gharama ya kuajiri upya ilikuwa kubwa. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni iligeuza sera: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa na hata kishawishi cha kuja na mke, posho ya chakula kwa familia nzima, kliniki ya wajawazito, mizani ya kuwapimia watoto wachanga. Na shule.

Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika, alieleza falsafa ya sera hiyo katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1946, bila kuona haya. Mfanyakazi alilelewa kama mtoto, na mtoto wake alilelewa kama mfanyakazi wa kesho. Kampuni ilitaka kizazi cha pili kitakachozaliwa kambini na kitakachokua kikisikia king'ora cha kiwanda kabla ya kusikia kitu kingine. Shule ya msingi ilikuwa kiungo cha mpango huo. Ilisimamiwa na wamisionari Wakatoliki kwa gharama ya kampuni, na katika eneo la Élisabethville nguvu kubwa ilikuwa ya Wabenedikto waliokuja mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu na mtu mwenye sauti nzito katika kila jambo la mji ule. Wavulana walielekezwa kwenye karakana, wasichana kwenye sindano, jiko na usafi wa nyumba.

Hayo yanapaswa kusemwa waziwazi na kila anayetaka shule hizi zitajwe kuwa urithi. Hazikuwa zawadi. Wafanyakazi haohao walipogoma Desemba 1941 kudai mishahara wakati bei za vita zilipokuwa zinapanda, walipigwa risasi na askari wa serikali katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na wengi walikufa. Waliouawa walikuwa wakazi wa kambi. Yamkini baadhi yao walikuwa na watoto katika madarasa yaleyale.

Pamoja na hayo, wazee wa Katanga huzikumbuka shule hizi kwa upendo, na mwanahistoria asidharau upendo huo. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika sana juu ya kizazi kilichoiona kampuni kuwa baba. Baba huyo alikuwa mkali, alikuwa mwongo mara nyingine, lakini alilisha, alitibu na alisomesha. Urithi hauwi urithi kwa kuwa msafi.

Lugha ya darasani na lugha ya uwanjani

Shule za wamisionari zilifundisha Kiswahili cha vitabuni, kilichoegemea ule mwandiko na sarufi ya mashariki ambavyo, baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, vilitangazwa kuwa Kiswahili Sanifu. Kwa mapadre wengi Kiswahili cha mjini kilikuwa lugha iliyovunjika, ya kusafishwa. Katika mapadre hao walikuwamo wanaisimu wazuri. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba lugha ina mahali pake pa asili, na kwamba ikitoka hapo huchafuka.

Watoto, wakati huohuo, walikuwa wanafanya kazi ambayo hakuna mtaala uliowapa. Baba wa mmoja alisema Kibemba, wa pili Kiluba, wa tatu Kitshiluba cha Kasai, wa nne Kisongye. Uwanjani wote walihitaji lugha moja, na walikuwa nayo: Kiswahili walichokisikia kwa wazazi wao, ambacho kwa wazazi kilikuwa lugha ya pili, na ambacho wao walikifanya lugha ya kwanza. Watoto wa miaka ya 1930 na 1940 ndio waliokipa sarufi thabiti. Kisingeweza kuwa thabiti bila mahali pa kuwakusanya watoto wa makabila yote kila siku asubuhi, wakiwa na umri mmoja, kwa miaka kadhaa. Mahali hapo palikuwa shule.

Sentensi fupi inatosha kuonyesha tofauti. Kitabu kingesema: watoto walienda shuleni. Mtoto wa kambi alisema: batoto balienda ku masomo. Mwalimu aliona makosa matatu. Mwanaisimu anaona nini?

Kwanza, kiambishi ba- cha ngeli ya watu. Ndicho cha Kibemba, cha Kiluba na cha lugha nyingi za Kibantu. Umbo la wa- la pwani ndilo lililobadilika kutoka asili. Katanga wamerudi, au wamebaki, kwenye umbo la kale. Pili, ku inayosimama mbele ya nomino. Kiswahili cha pwani huonyesha mahali kwa kiambishi tamati -ni, na viambishi vya mahali vya Kibantu vimebaki kama kivuli katika upatanisho tu: shuleni kwetu, nyumbani mwake. Katanga husema ku masomo, mu nyumba, pa meza, na kwa kufanya hivyo wametunza ngeli za mahali ambazo mwanafunzi wa Dar es Salaam huzisoma katika vitabu vya isimu linganishi. Tatu ni neno lenyewe, masomo, ambalo limekwisha kutajwa.

Mtu anaweza kuendelea. Udogo husemwa kwa ka- na tu-: katoto, tutoto. Pwani ngeli hiyo ilipotea, ki- na vi- zikachukua kazi yake. Kitenzi hupokea -ak- mwishoni kuonyesha mazoea au wakati uliopita, kama katika alisomaka. Msikilizaji wa Tanzania asicheke haraka, kwa maana ndugu wa kiambishi hicho yumo mtaani kwake: nakulaga, anasemaga, maumbo yanayosikika Mwanza, Shinyanga na siku hizi Dar es Salaam kwenyewe, na ambayo walimu huyapiga mstari kwa kalamu nyekundu ileile. Vyote viwili ni vizazi vya kiambishi kimoja cha Kibantu cha kale. Njo ya Katanga ni ndiyo iliyofupishwa, ikafanywa kitenzi cha kuthibitisha. Juu ya hayo yote yamemiminika maneno ya Kifaransa ya karakana, hospitali na ofisi.

Edgar Polomé aliyaeleza mengi ya haya katika miaka ya 1960, na baada yake Walter Schicho na wengine. Elimu hiyo ipo. Haijafika vizuri katika idara za Kiswahili za Afrika Mashariki, ambako mtaala wa lahaja bado huanzia Lamu na kuishia Kilwa au Ngazija, na Kongo huguswa kwa aya moja yenye jina Kingwana.

Mwaka 1948 utawala ulibadili mpango wa elimu, na Kifaransa kikapewa nafasi kubwa zaidi kwa wanafunzi walioteuliwa kuendelea. Baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Hesabu ya mtoto wa kambi inaweza kufungwa hapo: alifundishwa Kiswahili ambacho hakukisema, kisha akafundishwa Kifaransa ambacho mama yake hakukijua, na kile alichokisema hakikufundishwa hata siku moja.

Hata hivyo shule ilimpa mkono wa kuandika. Mwaka 1965 kilitolewa Lubumbashi kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine ya taipu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu. Licha ya jina la Kifaransa, ni historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, tangu zama za mwanzo wa koloni, jinsi walioipika chakula na kuifulia nguo historia hiyo walivyoiona. Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na uchambuzi. Mwandiko wake haufuati kanuni: maneno hugawanywa hapa, huunganishwa pale, na jina moja huandikwa kwa namna kadhaa. Jan Blommaert, katika utafiti wake wa mwaka 2008 kuhusu maandishi ya watu wa kawaida wa Katanga, alikuta hali kama hiyo. Wengi wamesoma kutokulingana huko kama dalili ya elimu duni. Usomaji ulio sahihi zaidi ni kwamba watu hawa walijifunza herufi katika lugha moja na kuziajiri, bila msaada wa mtu, katika lugha nyingine. Ilibidi wabuni mwandiko wao peke yao. Mswahili wa Lamu aliyeandika kwa herufi za Kiarabu alikuwa na karne kadhaa za waandishi waliomtangulia. Hawa hawakuwa na mtu.

Lugha ndani ya treni

Enzi ya Mobutu ililipa eneo lote jina la Kiswahili: kuanzia 1971 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba. Union Minière ilitaifishwa na hatimaye ikaitwa Gécamines. Shule mashuhuri za Lubumbashi zilivaa majina ya Kiswahili, Imara na Tuendelee mathalani, wakati mafunzo ndani yake yaliendelea kwa Kifaransa. Jina mlangoni, lugha nje ya uzio. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya kitaifa na kupendekeza lugha nne za taifa zitumike shuleni. Kituo chao cha utafiti, CELTA, kilikuwa papo hapo mjini. Mapendekezo yalibaki kwenye karatasi.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 uporaji ulienea nchini, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Baba aliacha kulisha. Mishahara ya walimu wa kampuni ilikoma pamoja na ya wachimbaji. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, baada ya kudai malimbikizo ya mishahara ya miaka.

Kati ya matukio hayo kuna moja ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa Katanga waliwachochea watu dhidi ya wenye asili ya Kasai. Huko Likasi na Kolwezi maelfu kwa maelfu walifukuzwa nyumbani, wakalala kwenye stesheni za reli kwa wiki na miezi wakisubiri treni za kuwapeleka “kwao”. Wengi walikufa kwa kiu, kipindupindu na surua, stesheni na njiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, wengine na wazazi waliozaliwa Katanga. Lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili kile cha uwanja wa shule. Waliowafukuza waliwafukuza kwa lugha hiyohiyo. Inawezekana kabisa kwamba mtu alifukuzwa na jirani aliyekaa naye dawati moja. Na walipofika Mbuji-Mayi au Mwene-Ditu, Kitshiluba chao kilisikika kigeni.

Wako wanaosema kwamba lugha moja huleta umoja. Tanzania imejenga sehemu kubwa ya fahari yake juu ya imani hiyo, na kwa Tanzania ina ushahidi. Katanga ni ushahidi wa upande wa pili, na mtu anayeandika historia ya Kiswahili bila sura hiyo anaandika nusu. Shule ya kambi iliwapa watoto lugha moja. Haikuweza kuwapa ulinzi dhidi ya siasa ya asili na ardhi. Ikiwa shule hizo zitahifadhiwa na kuwekewa vibao, inafaa kibao kitaje stesheni.

Nini kihifadhiwe

Majengo ya shule hizo yana hali mbalimbali. Mengine bado yanafundisha, tena kwa msongamano, hasa baada ya elimu ya msingi ya serikali kutangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Hatari kubwa hutoka chini ya ardhi. Kolwezi imekaa juu ya kobalti, na dunia inayotaka betri inaitaka. Katika mtaa wa Kasulo, madini yalipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, wakazi walianza kuchimba vyumbani mwao. Mwaka 2017 mamia ya familia walihamishwa ili sehemu ya mtaa igeuzwe mgodi wenye uzio. Mji wa migodi hauna haki ya kudumu. Ulijengwa kwa sababu ya kilicho chini, na unaweza kubomolewa kwa sababu hiyohiyo. Huko Kipushi, mgodi uliosimama tangu 1993 umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kazi hiyo inakaribishwa na wenyeji, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Ila ni nyakati za kufufuka, zaidi ya nyakati za kufa, ambapo majengo ya zamani huvunjwa bila mtu kuuliza.

Nyaraka ziko mbali. Kumbukumbu za Union Minière zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ubelgiji mjini Brussels, na mtafiti kijana wa Lubumbashi anayetaka kuyasoma mambo ya babu yake anahitaji viza. Kilichobaki Katanga ni madaftari, picha za darasa, vyeti vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki, na sauti. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 2000 na wanahistoria wa chuo kikuu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, ulionyesha njia: uliwaomba wakazi walete vitu vyao na masimulizi yao, ukavionyesha katika jumba la makumbusho la mji. Kazi ya namna hiyo yenye jicho la isimu bado haijatosha. Aliyeanza darasa la kwanza kambini mwaka 1940 sasa amepita miaka 90. Masimulizi yake yakirekodiwa hutafsiriwa mara moja kwa Kifaransa, kwa kuwa ripoti huandikwa hivyo, na maneno yenyewe hutupwa. Kwa mwanahistoria wa kawaida hasara ni ndogo. Kwa mwanaisimu ni sawa na kupiga picha fremu na kuiacha sura.

Kuna jambo la pili ambalo ni la sasa kabisa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo vyuo na mabaraza ya mashariki yamekuwa tayari kupeleka walimu na vitabu. Nia hiyo ni njema. Lakini vitabu vikifika Likasi vikiwa na watoto walienda shuleni peke yake, na mwongozo wa mwalimu ukisema kwamba batoto balienda ku masomo ni kosa, basi kile alichokifanya mmisionari wa mwaka 1930 kitakuwa kimefanywa tena, safari hii na Waswahili.

Hakuna anayependekeza kwamba Katanga ikae bila Kiswahili Sanifu. Watoto wake wanakihitaji kwa biashara, kwa vyuo, kwa kusoma riwaya za Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Wanaweza kujifunza kuandika walienda na huku wakijua kwamba balienda ni umbo lenye kanuni, lenye nasaba, na lililotungwa na babu zao wakiwa na miaka saba. Waalimu wa Zanzibar hufanya hivyo na Kimakunduchi pale wanapokuwa na moyo. Hawalazimiki kukitukana ili wafundishe Sanifu. Kinachotakiwa ni mwongozo wa mwalimu wenye kurasa chache zinazoeleza tofauti hizo kwa lugha nyepesi, zikiandikwa na watu wa Lubumbashi wenyewe. Utafiti wa kuziandika upo tangu Polomé.

Na ikiwa siku moja orodha ya majengo ya kuhifadhiwa itaandikwa kwa ajili ya majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba, ambayo yametokana na mgawanyo wa Katanga wa mwaka 2015, inafaa shule ya msingi ya kambi moja iwemo, pamoja na kiwanja chake. Kiwanja mara nyingi husahaulika katika orodha za namna hiyo kwa kuwa hakina paa wala msanifu, na katika miji inayojaa watu ndicho cha kwanza kugawiwa viwanja vya nyumba. Kwa shule hizi, huko ndiko kazi ya lugha ilikofanyika, wakati wa mapumziko, mwalimu akiwa ndani anasahihisha madaftari.